Katiba Isiyo na H

Jina la nchi hii sitalitaja, na si kwa woga. Jina lenyewe linaanza na H, na herufi hiyo huku ni ya kibali. Ukilitaja zima bila kibali, umevunja Katiba. Ukilitaja bila H, umetaja aina fulani ya mboga. Basi tuseme tu ni nchi: ina bendera, ina wimbo, ina mvua mbili kwa mwaka, na ina Katiba nzuri mno ambayo watu wake wanaijua kwa moyo, hasa moyo unapowaenda mbio. Mwandiko wangu ukipinda mnisamehe. Naandika nimesimama kwenye foleni, karatasi nimeiweka mgongoni mwa fundi viatu aliye mbele yangu. Mtu mpole, hatikisiki. H mtakazoziona humu ni zangu mwenyewe, nilikuja nazo kutoka nje.

Niliingia kwa miguu kupitia mpaka wa kaskazini. Askari akanipekua mfuko mpaka chini.

"Mzee, una ile erufi?"

"Ipi, mwanangu?"

"Ile ya baada ya G."

Nikamwambia nina sabuni, kanzu ya pili na kitana.

"Karibu basi. Ukiulizwa abari, sema njema, pita."

Nikapita. Nilikusudia kulala siku mbili niendelee na njia. Sijawahi kukaa mji mmoja mwezi mzima tangu meno yangu yalipokuwa yote kinywani. Hata shule nilisoma darasa moja nchi hii, darasa jingine nchi ile, mengine nikayaruka. Ndiyo maana nilipokuta nchi nzima ina makosa ya imla nilijiona nimefika nyumbani.

*

Nilipanga chumba cha uani kwa Bi Sikitu, mama wa makamo, mke wa Mwalimu Ngwali wa darasa la tatu. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kimepinda kama ndoana. Kidole hicho ndicho kilichoandika Katiba. Wengine husema iliandikwa na wananchi, wengine husema ni wajumbe, na sanamu iliyopo uwanjani inasema aliiandika Baba Mkuu, kiongozi wa nchi, akiwa juu ya farasi. Lakini aliyeipiga chapa, herufi baada ya herufi, ni Bi Sikitu. Habari hii nilimsikia akiisema mwenyewe, huku akichambua mchicha, mlango umefungwa.

"Sisi, babu, tulianza vizuri," alisema. "Tulikuwa tumemtoa mtawala mmoja aliyekuwa akifunga watu kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Tukasema sasa iandikwe. Asije mwingine akadai hakuambiwa."

Wakachaguliwa wajumbe mia mbili na kumi na wawili. Misingi ya nchi waliimaliza mchana mmoja, kabla chai haijapoa. Raia hatafungwa bila kusikilizwa. Raia hatanyang'anywa shamba lake. Raia hatanyongwa kwa kosa lolote. Kiongozi hatatawala zaidi ya miaka kumi. Mpishi wa kikao alisikiliza kutoka jikoni, akaielewa yote, akalia kwa furaha, wali ukaungua.

Kilichochukua miezi minane ni namna ya kuandika majina yao.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Lupatu, ambaye leo ni Waziri wa Katiba na Sherehe. Alisimama akasema, "Waheshimiwa, historia husoma ukurasa wa kwanza tu, kisha husinzia. Naomba kila palipo na jina la Mheshimiwa, pawe na neno Mheshimiwa. Na palipo na neno Mheshimiwa bila jina, litafutwe jina haraka." Makofi. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba aliwahi kuwa waziri mara mbili, kwa hiyo kwa haki kabisa yeye ni Mheshimiwa Mheshimiwa. Kumbe wote waliwahi kuwa kitu fulani mara mbili. Majina yakajaa kurasa tisini na tatu, kabla ya kifungu cha kwanza. Mashine ya chapa ilikuwa moja, kuukuu.

Sasa hesabu mwenyewe. Neno Mheshimiwa peke yake linakula H mbili.

"Nililipiga neno lile mpaka kidole kikawa hivi, kitazame," Bi Sikitu alisema. "Ukurasa wa tisini na tatu, mjumbe wa mwisho kabisa, paa! Kile kijichuma cha H kikakatika, kikaruka, kikaniingia ndani ya blauzi. Nikaenda kwa Lupatu. Nikamwambia, Mheshimiwa, H imekatika. Akaniuliza, majina yamekwisha? Nikasema yamekwisha. Akasema, basi la muhimu limeshapigwa. Huko kulikobaki piga hivyo hivyo, H tutazitia kwa kalamu."

"Wakazitia?"

"Babu nawe! Kesho yake ilikuwa sherehe."

Baba Mkuu akatia sahihi ndani ya hema, ngoma zinalia. Kifungu cha mwisho kilisema Katiba ni sahihi kama ilivyoandikwa, na yeyote atakayeiongezea au kuipunguzia hata herufi moja ni adui wa taifa. Hicho alikipenda sana, akakitilia sahihi mara mbili.

*

Jioni ile ilisomwa redioni. Raia atafungwa bila kusikilizwa. Raia atanyang'anywa samba lake. Raia atanyongwa kwa kosa lolote. Kiongozi atatawala zaidi ya miaka kumi. Watu walicheka. Walidhani ni msomaji tu, mtu wa kule bondeni ambako H huwa haitamkwi. Siku ya tatu malori yalipoanza kupita mashambani ndipo wakaelewa kwamba msomaji alikuwa akisoma vizuri sana.

Walilalamika, na serikali ni sikivu. Ikaitishwa kura ya maoni. Swali lilikuwa moja: Katiba ibaki ilivyo? Majibu mawili: Ndiyo, na Apana. Nchi nzima ikapiga Apana, vilema walibebwa, wajawazito walisubiri. Wataalamu wa lugha wakafungua kamusi mbele ya kamera wakaeleza kwamba apana hutokana na kuapa, maana yake ni kula kiapo kwa pamoja. Basi wananchi walikuwa wamekula kiapo kwa pamoja kuilinda Katiba. Ushindi ulikuwa wa asilimia mia moja, na wale waliokosea wakapiga Ndiyo waliongezwa humo humo.

Baada ya hapo H ikawa mali ya serikali. Waheshimiwa waligawiwa zao, nao kwa kuwa wanazo nyingi huzitia hata pasipohitajika, Waziri Lupatu akishukuru husema "hasanteni." Raia wa kawaida akikutwa nayo mdomoni hadharani hupelekwa kituoni kusafishwa ulimi, isipokuwa mahakamani, ambako karani humwondolea mwenyewe. Neno kukataa nalo liliondolewa kwa tangazo, likaachiwa magari na mitambo. Gari laweza kukataa kuwaka, pampu yaweza kukataa kuvuta. Mtu akikataa hupelekwa karakana.

Miaka kumi na minne ikapita hivyo. Watu walizoea. Nimetembea nchi nyingi, na hilo ndilo jambo ninalolikuta kila mahali, watu wamezoea.

*

Mwezi ule nilioingia, Wizara ilipeleka nakala ya Katiba kila shule ili watoto waikariri. Mwalimu Ngwali akapokea ya kwake akiwa anasahihisha madaftari. Ni mtu mfupi, mkimya, mwenye wino mwekundu kwenye mikono ya shati. Hakuwa na nia mbaya. Aliweka ile nakala juu ya rundo la madaftari, na ilipofika zamu yake akaisahihisha. Alitia H elfu moja mia tatu na kumi na moja. Chini kabisa akaandika kwa wino huo huo mwekundu: "Umejitahidi kwa urefu. Usikabidhi kazi kabla ya kuisoma. Rudia." Akaitia kwenye bahasha, akairudisha Wizarani.

Mkewe alipopata habari alishika kichwa.

"Ngwali, umefanya nini wewe?"

"Nimesahihisha."

"Lile si daftari la mtoto!"

"Mtoto angepata zaidi," akasema, akaendelea kula.

Walimchukua akiwa ubaoni. Hati ya mashitaka ilisema ameijerui Katiba mara elfu moja mia tatu na kumi na moja, na kwamba Katiba yenyewe ndiyo mlalamikaji. Adhabu ilikuwa inajulikana. Raia atanyongwa kwa kosa lolote.

Nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu siku ile. Bi Sikitu alinikuta mlangoni.

"Unaondoka, babu."

"Mimi si mtu wa kubaki, mwanangu. Unanijua."

"Nakujua. Baki."

Nikaufungua mfuko.

*

Mahakamani kulijaa. Hakimu alikuwa mtu mnene, mwenye sura ya huruma na macho ya mtu asiyelala. Alisifika kwa uaminifu. Kiapo chake cha kazi kinasema akimu atapokea rushwa, na hajawahi kukivunja. Chini yake aliketi karani, na mashine ya chapa isiyo na H, na muhuri wa mpira wenye neno Mheshimiwa zima. Waziri Lupatu alikaa mbele kwenye kiti chenye mto wa foronya nyeupe. Mwalimu Ngwali alisimama kizimbani, akasoma bango la ukutani, nikaona mkono wake ukitafuta kalamu mfukoni.

Bi Sikitu akaitwa wa kwanza kumtetea.

"Sema unalolijua," karani alimwambia.

"Mume wangu hana kosa."

Mashine ikalia. Karani akasoma alichoandika: "Mume wangu ana kosa."

"Sikusema hivyo!"

"Ulisema je, mama?"

"Nimesema hana! Hana! Hana!"

"Ana, ana, ana," karani akapiga. Akagonga muhuri, akainua uso. "Mara tatu zaidi, Mheshimiwa. Na ni mke wake wa ndoa."

Walimu wenzake kumi na mmoja wakaja, mmoja mmoja. Kila mmoja aliapa kwamba Ngwali hana kosa. Yule wa sita alijaribu werevu, akasema Ngwali hahusiki. Karani akaandika "ausiki," akasema neno la namna hiyo halimo kwenye kamusi, akalifuta, akaweka "ana kosa" ili yafanane na ya wenzake. Wa kumi na mmoja alikuwa analia. Kila machozi yalivyoongezeka ndivyo kamba ilivyokaribia. Waziri Lupatu alitoa leso akajifuta macho, kwa jinsi alivyoguswa na umoja wa walimu.

Hapo Bi Sikitu akafungua pindo la kanga yake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amelifunga fundo pale, na mimi nilidhani ni tumbaku. Akatoa kijichuma kidogo kama punje ya mchele, akakiweka mezani kwa hakimu, akaeleza kila kitu: majina, kurasa tisini na tatu, blauzi, na maneno ya Lupatu, H tutazitia kwa kalamu.

Hakimu akavaa miwani. Akakichovya kile kijichuma kwenye wino, akakigonga pembeni mwa karatasi yake. H ikatoka, nzima, miguu miwili na mkanda kiunoni.

"Mama," hakimu akasema polepole, "hii ikiwa kweli, Baba Mkuu alipaswa kuondoka miaka minne iliyopita."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na wale wote niliowa..."

"Ni wangapi, Mheshimiwa?"

"Mama, usiniulize."

"Nakuuliza."

Hakimu alimtazama Waziri. Waziri alitazama kucha zake. Hakimu akavua miwani, na alipozungumza tena sauti haikuwa yake. "Kielelezo kimepokelewa. Ila kielelezo chenyewe ni H, na mashine ya mahakama haina H ya kukiandikia. Kisichoandikwa hakikuletwa. Kwa hiyo mahakama inamshukuru mama kwa kuja mikono mitupu."

Bi Sikitu hakuanguka. Alikaa chini palepale sakafuni, kama mtu aliyefika mwisho wa njia akakuta ni ukuta.

"Mshitakiwa," hakimu akasema, "unakubali kosa?"

"La," akasema Mwalimu Ngwali.

Karani akaandika: mtuumiwa ameanza kuimba.

"Hapana."

"Apana," karani akapiga. "Anakula kiapo, Mheshimiwa."

Mwalimu alitazama juu, kwenye dari, kama anavyotazama mwalimu anayetafuta neno jepesi la kumpa mtoto mzito. Kisha akatoa sauti ya darasani, ile ya imla, kila herufi na nafasi yake.

"Andika. Si-ku-ba-li."

Vidole vya karani vilipiga, vikasimama. Akasogeza uso kwenye karatasi. Akatafuta H ya kutoa. Akalisoma kutoka mwanzo, akalisoma kutoka mwisho. Neno lilikuwa limeingia zima.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, "amesema sikubali."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Kwa miaka kumi na minne hapakuwa na mtu aliyeweza kumtetea mwenzake kwa maandishi, kwa sababu akisema hatafungwa, hana, hatukubali, ulimi unampa mwenzake kitanzi. Lakini mtu akijisemea yeye mwenyewe, ile "si" yake haina H. Walikuwa nayo mdomoni muda wote.

Bi Sikitu akainuka kutoka sakafuni. "Niandike na mimi. Sikubali."

Karani akamtazama hakimu. Hakimu akafungua Katiba, akaenda kifungu cha tano, kifungu ambacho mtu hakukitazama tena tangu kilipopitishwa, maana kilikuwa cha kuruhusu, si cha kuzuia, kwa hiyo kilisalimika. Akakisoma kwa sauti: "Kila atakayetaka kutoa neno barazani atalitoa, na litaandikwa, ndipo kesi ifungwe." Akafunga kitabu. "Mwandike," akasema.

"Sikubali," akasema mwalimu wa kumi na mmoja.

"Sikubali," akasema mama muuza maandazi.

Waziri Lupatu akasimama, amevimba shingo. "Huu ni hupuuzi! Mnapoteza wakati wa taifa! Semeni wote kwa pamoja mara moja, tumalize, twende tukale!"

Watu, kwa kuzoea kutii, wakafungua midomo pamoja. "Hatu..."

"Nyamazeni!" Bi Sikitu alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Msiseme pamoja! Mkisema pamoja mmemuua! Mmoja mmoja! Jamani, mmoja mmoja!"

Vidole vya karani vilikuwa tayari juu ya mashine. Midomo ikafungwa. Kisha watu wakaanza kujipanga.

*

Hayo yalikuwa wiki sita zilizopita. Kesi haifungwi mpaka neno la mwisho liandikwe, na mtu hanyongwi kesi ikiwa wazi. Mwanzoni foleni ilitoka mahakamani, ikazunguka soko, ikapita machinjioni, ikafika darajani. Watu walikuja na vigoda. Wachumba wawili walikutana humo wakaoana, wakasema sikubali, wakarudi kwao.

Wizara haikulala. Ilitangazwa kwamba mtu atalisema neno mara moja tu maishani. Kisha majina ya waliolisema yakaanza kusomwa redioni kila asubuhi, baada ya vifo, kwa sauti ile ile. Walimu kumi na mmoja walihamishiwa wilaya ambayo haina shule. Mama wa maandazi alifungiwa jiko. Mvua ikaja. Foleni ikatoka darajani ikarudi machinjioni, ikatoka machinjioni ikarudi sokoni.

Karani hufika saa tatu, huondoka saa tisa. Anapiga kwa kidole kimoja. Juzi nilichungulia mlangoni nikamwona akikosea neno makusudi, akachomoa karatasi, akaweka nyingine, akaanza upya, na hakumtazama mtu usoni.

Mimi kifungu kinanihusu, maana kinasema kila atakayetaka, hakikusema raia. Nilijipanga siku ya pili. Ningekuwa nimeshalisema na kuondoka zamani. Lakini kila mtu anapokuja nyuma yangu namwambia, "Tangulia, mwanangu, mimi sina haraka," mimi ambaye maisha yangu yote nimekuwa na haraka. Nikilisema nikiwa wa mwisho, kesi imefungwa. Kwa hiyo nimebaki mkiani, nalivuta neno langu siku baada ya siku, na miguu inaniwasha usiku na mchana.

Leo mbele yangu wamebaki wanne, pamoja na huyu fundi viatu mwenye mgongo wake. Tangu juzi sijamwambia mtu tangulia.

Mchana Bi Sikitu ameniletea uji. Amenipa kikombe, amenitengeneza kola ya kanzu, ameuliza kama goti linauma. Hakutazama nyuma yangu hata mara moja. Ameshika pindo la kanga, lile ambalo sasa halina kitu.

Foleni hupita chini ya dirisha la mahabusu. Tumesogea, nikawa chini yake. Mwalimu Ngwali haoni nje, dirisha liko juu, ila anasikia miguu, na miguu imepungua. Nikasikia akigonga nondo.

"Babu?"

"Nipo."

"Nyuma yako kuna nani?"

Askari alikuwa karibu, ametega sikio. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu mpaka sokoni, jua limeijaa. Jibu la kweli lilikuwa na H.

"Wanakuja," nikasema.